Vunjajungu: Mwindaji Angojaye Kimya

Wasomaji wetu, hapana mtu wa shamba asiyemjua vunjajungu. Ni yule mdudu mrefu, mwembamba wa shingo, mwenye kichwa cha pembe tatu, akaaye juu ya jani au kijiti huku ameikunja mikono yake mbele ya kifua. Watoto humwonyeshana kwa kidole, kisha wakakimbia. Wengine humpiga kwa fimbo hata akafa, si kwa sababu amewadhuru, bali kwa sababu ya maneno waliyoyasikia juu yake. Leo twataka kumtazama mdudu huyu kwa macho yetu wenyewe, tujue alavyo, aishivyo na azaavyo. Maana amjuaye humwacha akae shambani mwake, na asiyemjua humwua, asijue ya kuwa amewaua pia wawindaji wa viwavi vyake.

Jina lake na hofu ya watu

Jina lenyewe lasema: ni mvunja majungu. Husemwa ya kwamba mtu akimgusa mdudu huyu, chombo cha kwanza atakachokishika baadaye, kiwe chungu au sahani, hakina budi kumponyoka na kuvunjika. Watu wa Ulaya nao walipoiona mikono ile iliyokunjwa, walidhani yu katika sala, wakamwita mdudu asaliye. Na Wayunani wa kale walimpa jina lenye maana ya mtabiri. Basi huku ashitakiwa uchawi, na huko asifiwa kwa ucha Mungu, na mwenyewe hana habari ya hili wala la lile. Mikono yake haikukunjwa kwa sala wala kwa uganga. Imekunjwa kama mtego uliokwisha kutegwa.

Na hayo ya vyungu, tuyafikiri kwa utaratibu. Vyungu huvunjika siku zote, maana ni udongo, na mikono ya watoto huteleza. Chungu kikivunjika siku ambayo hapana mtu aliyemgusa mdudu, hapana aulizaye sababu. Kikivunjika siku moja tu baada ya mtoto kumgusa vunjajungu, nyumba nzima hukumbuka, na habari hiyo husimuliwa mwaka mzima. Je, siku zile mtoto alipomgusa na chungu kisivunjike, ni nani aliyezihesabu? Tena mtoto aliyekwisha kutishwa hukishika chungu kwa mikono inayotetemeka. Basi kikianguka, kilichokiangusha ni hofu.

Umbo lake

Vunjajungu ana miguu sita kama wadudu wote. Minne ya nyuma ni ya kusimama na kutembea. Miwili ya mbele ndiyo tuiitayo mikono, nayo imeumbwa kwa namna ya peke yake. Sehemu mbili za kila mkono zina safu za miiba, na sehemu ya mwisho hujikunja juu ya ile iliyotangulia, kama kisu cha kukunja kirudivyo katika mpini wake. Mdudu akinaswa kati ya safu hizo mbili za miiba, kujinasua kwake ni kwa shida kubwa.

Watu wengi hudhani ni ndugu wa panzi. Sivyo: wataalamu waliochunguza viungo vyake wameona ya kuwa ndugu zake wa karibu ni mende na mchwa. Jamii zake zilizokwisha kuandikwa katika dunia ni zaidi ya 2,400, na nyingi hukaa katika nchi za joto. Katika Afrika ya Mashariki yuko mmoja mkubwa sana ambaye wataalamu humwita Idolomantis diabolica. Jike lake hupita sentimeta 10 kwa urefu. Wengine ni wadogo, hawafikii hata nusu ya kidole.

Macho yake makubwa ni mawili, na kila moja limefanywa kwa vijicho vidogo vingi sana vilivyoshikamana. Kati ya vipapasio vyake vyako vijicho vingine vitatu vidogo. Ukimtazama kwa karibu utaona nukta nyeusi ndani ya jicho lake, nayo hukufuata kila uendako, hata mtu akasema, “Huyu ananitazama.” Nukta hiyo si mboni. Ni vile vijicho vilivyoelekea kwako moja kwa moja. Nuru huingia humo isirudi, kwa hiyo huonekana vyeusi. Ukihama, vijicho vingine ndivyo hukuelekea, nayo nukta huonekana imehama.

Kisha shingo yake si kama ya wadudu wengi. Aweza kukigeuza kichwa akatazama nyuma ya bega lake, na mwili wake usijongee hata kidogo. Kwa mwindaji ajifichaye hii ni silaha kubwa, maana mawindo huogopa mwili unaotikisika.

Jinsi awindavyo

Vunjajungu hafukuzi mawindo mbio. Kazi yake ni kungoja. Huchagua mahali panapopitwa na wadudu, mathalan karibu na maua au penye majani mabichi, akatulia kimya. Upepo ukivuma, aghalabu naye hujitikisa polepole huku na huku, mfano wa jani. Mdudu akipita, kwanza hugeuza kichwa amwelekee. Akiwa mbali, humngoja, au humnyatia hatua kwa hatua. Akifika penye urefu wa mkono, mtego hufyatuka. Tendo hilo hupita kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, na jicho la mwanadamu haliwezi kulifuata. Tunachoona ni kwamba nzi alikuwako juu ya ua, na sasa yumo mikononi.

Ajuaje ya kuwa mawindo yamefika mahali pa kutosha? Macho yake mawili hutazama mbele kwa pamoja, kama ya mtu, na kwa kulinganisha yale yaonwayo na jicho hili na lile hupima umbali. Jambo hili lilithibitishwa na mtaalamu Samuel Rossel mwaka 1983. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walimfanyia vunjajungu miwani midogo sana yenye vioo vya rangi mbili, wakaibandika usoni pake kwa nta ya nyuki, wakamwekea picha za mdudu zilizofanywa zionekane kama zimetoka mbele ya kioo. Habari zake walizitoa mwaka 2016. Vunjajungu alinyosha mikono akampiga mdudu asiyekuwapo, mahali pale hasa ambapo macho yake yalimwambia yupo.

Akiisha kunasa hangoji mawindo yafe. Hana sumu kama nyoka wala hafungi kwa nyuzi kama buibui. Huyashika kwa nguvu akaanza kutafuna yangali hai, mara nyingi kuanzia kichwani au shingoni, lakini pengine popote palipo karibu na kinywa. Akimaliza huacha mabawa na vipande vya miguu, kisha huilamba mikono yake na kuusafisha uso kama paka. Usafi huo una maana: miiba iliyojaa uchafu haishiki vema, na jicho lenye vumbi halipimi vema.

Chakula chake

Chakula chake ni viumbe hai. Hali jani la muhindi, wala la muhogo, wala tunda la mtu yeyote. Mkulima amwonaye juu ya mmea wake na kumwua akidhani ndiye alaye majani amemhukumu mtu asiye na hatia. Pengine mwenye hatia alikuwa mikononi mwake wakati ule ule.

Akiwa mtoto hula wadudu wadogo, kama vidukari na mainzi madogo. Akikua hula panzi, nyenje, mende, nzi, viwavi, nondo na vipepeo. Lakini yatupasa kusema kweli yote: hula nyuki pia, na huwangojea pale pale penye maua wanapofanya kazi yao. Hula buibui, na hula vunjajungu wenziwe. Wale wakubwa huweza kukamata mjusi mdogo au chura mdogo. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya habari 147 za vunjajungu waliokamata ndege wadogo, nyingi zikiwa za Marekani, ambako wako ndege wadogo mno wanywao maji matamu ya maua. Basi hachagui kati ya mdudu mwema na mbaya. Kipimo chake ni kimoja: je, kinajongea, na je, naweza kukishika?

Kujificha na kujilinda

Wengine ni wa kijani kama majani, wengine wa rangi ya nyasi kavu. Wako wafananao na kijiti kilichokauka, na wako wafananao na ua. Ajabu zaidi ni hii: katika nchi za nyika za Afrika ziko jamii ambazo, nyasi zikiisha kuungua, hujivua ngozi na kutokea weusi kama makaa, wakafanana na nchi iliyoungua. Rangi hiyo huwafaa mara mbili, maana mawindo hayawaoni, wala ndege awatafutaye hawaoni.

Adui zake ni wengi: ndege, vinyonga, mijusi, buibui wakubwa, siafu na popo. Akiona hana njia ya kukimbia, huinuka, hufungua mikono na kukunjua mabawa, aonekane mkubwa kuliko alivyo. Wengine wana alama kama macho katika mabawa yao, na wengine hutoa sauti ya mkwaruzo. Hiyo ni vitisho tu. Hana sumu, wala hamdhuru mtu ila akishikwa aweza kuchoma kidogo kwa miiba yake.

Usiku hatari yake ni popo, naye amepewa ulinzi wa ajabu. Mwaka 1986 wataalamu wa Marekani, David Yager na Ronald Hoy, walionyesha ya kwamba vunjajungu ana sikio, nalo ni moja tu, na liko chini ya kifua kati ya miguu. Kwa sikio hilo husikia sauti nyembamba mno atoazo popo awindapo, ambazo sisi hatuzisikii. Vunjajungu arukaye akizisikia karibu, hugeuka ghafula na kujitupa chini, na popo hupita bure. Walakini si jamii zote zenye sikio hilo.

Jike na dume

Kuna habari iliyoenea sana ya kuwa jike la vunjajungu humla mumewe. Mfaransa Jean-Henri Fabre, aliyeishi tangu 1823 hata 1915, aliwafuga katika vizimba akaliona jambo hili kwa macho yake, na maandiko yake yaliipeleka habari hiyo mbali. Ni kweli, lakini si kweli ya siku zote. Katika kizimba dume hana mahali pa kukimbilia, na jike mwenye njaa hana chakula kingine. Huko porini madume wengi huokoka. Dume humwendea jike polepole sana, mara nyingi kutoka nyuma, akisimama kila jike ageuzapo kichwa. Na jike aliyeshiba hana haraka ya kumkamata.

Hata hivyo ziko jamii ambazo jambo hili ni la kawaida zaidi. Mojawapo ni Miomantis caffra wa Afrika ya Kusini. Na wataalamu walioyachunguza mayai wameona ya kwamba mwili wa dume aliyeliwa hugeuka kuwa chakula cha mayai yake mwenyewe. Kwa mwanadamu ni habari ya kutisha. Lakini tusimpime mdudu kwa sheria ya ndoa zetu. Yeye hajui sheria ila ile ya kupata watoto.

Mayai na watoto

Jike likitaka kutaga hutafuta kijiti, bua, ukuta au jiwe. Hutoa povu, na ndani ya povu huyapanga mayai yake safu kwa safu. Povu hukauka likawa gumu, mfano wa kipande cha sifongo cha rangi ya udongo au ya majani makavu. Kifuko kimoja huweza kuwa na makumi ya mayai, na katika jamii kubwa hata mamia. Humo mayai huhifadhiwa na jua na mvua. Lakini wako nyigu wadogo sana wajuao kukitoboa, wakataga mayai yao ndani, na watoto wao wakala mayai ya vunjajungu.

Watoto hutoka wengi kwa mara moja, wakining’inia kwa nyuzi nyembamba. Hawapiti hali ya kiwavi kama kipepeo. Hutoka wakiwa na umbo la wazazi wao, ila ni wadogo na hawana mabawa, kama tunutu wa nzige. Hujivua ngozi mara nyingi, aghalabu mara sita hata tisa, na mara ya mwisho hutoka na mabawa. Wengi hawafiki huko. Huliwa na chungu na buibui, na hulana wao kwa wao. Katika mamia wapatao kuzaliwa, wachache ndio waonao siku ya kutaga.

Faida yake, na mpaka wa faida hiyo

Sasa mkulima atauliza: Je, mdudu huyu ni rafiki yangu? Twajibu: ni mwindaji mwenye faida, wala si mtumishi wako. Hula viwavi na panzi, na hiyo ni faida. Hula nyuki, na hiyo ni hasara. Huko Marekani, vunjajungu wa China waliingia karibu na Philadelphia mwaka 1896, na baadaye watu wakazoea kununua vifuko vya mayai na kuviweka bustanini, wakitumaini kwamba wadudu waharibifu watakwisha. Mara nyingi tumaini hilo halikutimia, maana watoto hulana na kutawanyika, na wabakio hula wabaya na wema pamoja.

Tena yako maadui asiowafikia. Funza aliyekwisha kuingia ndani ya bua la muhindi yu salama mbele ya vunjajungu. Kazi ya kupanda mapema, kupalilia, kuyakagua mashamba na kuondoa mabua yenye funza inabaki ya mkulima mwenyewe. Usimwachie mdudu jembe lako.

Lakini kumwua pasipo sababu ni upotevu. Yeye ni mmoja wa jeshi kubwa la wawindaji walioko shambani, pamoja na buibui, nyigu, ndege na vinyonga, na jeshi hilo lote kwa pamoja huzuia waharibifu wasizidi mno. Mtu anyunyizaye dawa kali ovyo, bila kukagua kwanza kama waharibifu wamefika kiasi cha kudhuru, huwaua wawindaji pamoja na wawindwao. Kisha vidukari, wazaao upesi sana, hurudi kwanza. Na vunjajungu, akuaye polepole, hurudi mwisho. Shamba hukaa katikati bila mlinzi. Kwa hiyo kagua kwanza, ukamwulize Bwana Shamba, ndipo uamue.

Na jambo moja jepesi: kabla ya kuchoma mabua au kukata ua, tazama kama pana vifuko vya mayai. Ukikiona kimoja, kata kijiti pamoja na kifuko chake, ukakifunge penye kichaka cha mpakani, mbali na mizinga ya nyuki. Kazi hiyo haikugharimu kitu.

Kazi kwa waalimu na wanafunzi

Waalimu wanaweza kumfanya mdudu huyu somo la juma moja. Chukueni chupa kubwa yenye mdomo mpana, mtie kijiti kilichosimama, na kuufunika mdomo kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa. Mtie vunjajungu mmoja tu. Wakiwa wawili, asubuhi mtamkuta mmoja. Kila siku mpeni mdudu hai, na matone ya maji juu ya kijiti. Juma likiisha, mrudisheni mlikomtoa. Wanafunzi waandike majibu ya maswali haya:

1. Alikaa muda gani kabla ya kupiga, na mawindo yalikuwa mbali gani?
2. Alianza kula mahali gani, na aliacha nini?
3. Je, alimshika mdudu aliyekufa asiyejongea? Je, ukimtikisa kwa unyasi?
4. Nukta nyeusi ya jicho lake ilikwenda wapi ulipohama?
5. Je, aliligusa jani mlilomtilia?

Kisha, wazazi wakiisha kuarifiwa na kuridhika, pawe na jaribu la pili. Wagawanyeni wanafunzi mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu moja wamguse vunjajungu kila asubuhi, kwa taratibu wasimwumize. Fungu la pili wasimguse. Wote wafanye kazi zao za kila siku za kuchota maji na kuosha vyombo. Kila chombo kivunjikacho kiandikwe, siku ya heri na siku ya shari, kwa muda wa mwezi mzima. Mwisho hesabuni, mlinganishe. Mwalimu asiwaambie matokeo kabla, wala asiwadhihaki wazee waliosimulia habari hiyo, maana nao waliipokea kwa wazee wao. Awaache watoto wahesabu wenyewe.

Faida ya jaribu hilo itapita habari ya mdudu mmoja. Mtoto aliyejifunza kuhesabu siku zote, wala si zile tu zinazokubaliana na hofu yake, atajua kupima maneno mengine atakayoambiwa ukubwani: kuhusu dawa isemwayo kuponya kila ugonjwa, au kuhusu jirani mzee ashitakiwaye kwa sababu ng’ombe amekufa. Chungu kikivunjika, kwaweza kununuliwa kingine. Jina la mtu likivunjwa kwa uongo, hapana soko liuzalo jingine.

Basi, wasomaji wetu, mkimwona tena vunjajungu amesimama juu ya jani na mikono yake imekunjwa, simameni kidogo mmtazame. Msimwogope wala msimwabudu. Yu kazini, naye hutufundisha ya kuwa mvumilivu hula mbivu.